Juárez, O'Connell au Deák: uanze na maisha ya wakili yupi?

Ukiamua kumsoma mwanasiasa mmoja wa karne ya 19 aliyekuwa wakili na mliberali, shida ya kwanza ni kwamba wapo wengi mno. Enzi zile karibu kila nchi iliyokuwa inatafuta katiba ilikuwa na wakili wake anayehutubia mpaka sauti inakauka. Hapa nimechukua watatu tu, Benito Juárez wa Meksiko, Daniel O'Connell wa Ireland na Ferenc Deák wa Hungaria, kwa sababu wote walisomea sheria, wote walikaa bungeni, wote walibanwa na dola yenye nguvu kuwazidi, alafu kila mmoja akatokea mlango wake tofauti kabisa.

Uliberali wao usiuchanganye na huu wa kubishania mitandaoni sa hivi. Kwao ulikuwa ni katiba iliyoandikwa, bunge lenye meno, sheria moja kwa padri na mwanajeshi na mchunga kondoo, magazeti kuachwa yaandike, na mali ya mtu iwe ya mtu. Hiyo ya mwisho ishike, maana mbele huko italeta balaa.

Nitawapima kwa mambo matano: walikotoka, uwakili wao wenyewe (maana wengine uwakili ni cheo tu, kortini hawaonekani), walivyobanana na wakubwa, madoa yao, na mwisho stori zao zinafuatilika kirahisi kiasi gani kwa mtu anayeanza. Anayekuambia yupi ni bora kuliko wenzake anakudanganya, inategemea wewe unatafuta nini.

Walikotoka

Juárez ndo mwenye safari ndefu. Kazaliwa Machi 21, 1806 Guelatao, kijiji cha milimani jimbo la Oaxaca, wazazi wake Wazapoteki, wakafariki akiwa na miaka 3, akalelewa na babu na bibi kisha na ndugu wa baba yake, akichunga kondoo, na Kihispania hakijui vizuri. Desemba 1818 ana miaka 12 akatoka kwa miguu kwenda mji wa Oaxaca, kama kilomita 60, kumfuata dada yake aliyekuwa mpishi kwenye nyumba ya familia ya Maza. Mjini akachukuliwa na Antonio Salanueva, mtu wa dini aliyekuwa anajalidi vitabu, akampeleka shule, na mpango ulikuwa awe padri. Akaingia seminari, akaona hapana hii siyo yangu, akahamia kwenye chuo kipya cha sayansi na sanaa akasoma sheria. Uwakili akaupata 1834, na 1843 akamuoa Margarita Maza, binti wa nyumba ileile dada yake alikokuwa anapika.

O'Connell hakuzaliwa maskini, alizaliwa Mkatoliki, na kwa Ireland ya 1775 hiyo peke yake ilitosha kukufungia milango mingi. Baba yake mkubwa Maurice, mtu asiye na mtoto na mwenye hela nzuri, nyingine za magendo ya baharini, akamlea Derrynane huko Kerry, akampeleka Ufaransa kusoma. Huko mapinduzi yakamkuta. Wakakimbia Januari 1793, mwezi uleule Louis XVI alipokatwa kichwa, na tokea hapo kijana akatoka na chuki ya kudumu dhidi ya siasa za kumwaga damu. Hii ikumbuke, inaeleza nusu ya maisha yake.

Deák, aliyezaliwa 1803, ni mtoto wa mabwanyenye wa mkoa wa Zala, watu wenye ardhi na wakulima waliofungwa kwenye ardhi hiyo. Mama yake alifariki kwa kumzaa yeye, baba naye hakukaa sana, akakuzwa na wakubwa zake. Kaka yake Antal alikuwa mbunge, alipoachia kiti 1833 akamwachia mdogo wake. Yaani huyu mlango alifunguliwa, ila alichofanya baada ya kuingia ndo kinamfanya awe kwenye orodha hii.

Uwakili wenyewe

Hapa kama wewe ni mtu wa kesi, O'Connell anawaacha wenzake mbali. Alianza uwakili 1798, akazunguka na mahakama za kusini mwa Ireland miaka na miaka, na kwa kuwa ni Mkatoliki hakuruhusiwa kupanda kuwa wakili wa mfalme wala kuwa jaji, hivo wapo aliowazidi akili lakini wanakaa mbele yake kortini. Hasira hiyo aliitumia. Mwaka 1813 akimtetea John Magee, mwenye gazeti, aligeuza utetezi ukawa mashtaka dhidi ya serikali nzima, akamshushua mwanasheria mkuu mbele ya watu. Hotuba ikasomwa kila mahali, Magee akaenda jela. Kwa hiyo ukimsoma jiulize kama mteja alikuwa anafurahia.

Ila kesi ya Doneraile ya 1829 ndo ya kumwonyesha mtu asiyemjua. Watu wameshtakiwa kwa njama ya kuua, kundi la kwanza limeshahukumiwa kunyongwa, ndugu wakatuma mtu na farasi usiku kutoka Cork mpaka Derrynane kumwamsha. Akasafiri usiku kucha, akaingia kortini kesi ya pili inaendelea, akaomba ruhusa ale mkate na maziwa palepale, na huku anatafuna anamkatiza mwendesha mashtaka, hiyo siyo sheria, hiyo nayo siyo sheria. Jopo la pili likashindwa kukubaliana, la tatu likawaachia washtakiwa wake, na wale wa kwanza wakaponea kitanzi.

Juárez kortini hakukaa sana, lakini kuna kesi moja ambayo bila hiyo huwezi kumwelewa. 1834, wakili mpya kabisa, wanakijiji wa Loxicha wanamlalamikia padri wao kwa kuwatoza kupita kiasi. Padri anahukumiwa na mahakama ya kanisa, siyo ya serikali, kwa hiyo kesi inaenda kwa wenzake. Mwisho wakafungwa wanakijiji, na Juárez alipofuatilia akawekwa ndani na yeye. Sasa ruka mpaka 1855, ni waziri wa sheria, na sheria anayotoa ndo ile iliyopewa jina lake, inayoondoa kesi za kawaida za madai kwenye mahakama za kanisa na za jeshi. Miaka 21. Jamaa hakusahau.

Deák naye alifaulu mtihani wa uwakili, akafanya kazi za sheria za mkoa wake, ila kipaji chake kilikuwa kuandika sheria. Mwaka 1843 walipoandaa rasimu ya kanuni ya adhabu, ambayo yeye ndo alikuwa roho yake, waliondoa adhabu ya kifo. 1843 hiyo! Haikupita, nyumba ya juu ya bunge iliikwamisha, lakini wanasheria bado wanaizungumza. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mbunge akakataa kwenda, kwa sababu uchaguzi ulikuwa na damu na wapiga kura walitaka akatetee mabwanyenye wasilipe kodi. 1848 akawa waziri wa sheria wa serikali ya kwanza ya Hungaria yenye kuwajibika kwa bunge. Hana kesi ya kusisimua hata moja, tusidanganyane.

Walivyobanana na wakubwa

Hapa ndo tofauti ilipo, na kama una muda wa kusoma sehemu moja tu soma hii.

O'Connell alitumia watu na matundu ya sheria kwa pamoja. Mwaka 1823 wakaanzisha Chama cha Wakatoliki, mwaka uliofuata kila mtu akaombwa mchango wa peni moja kwa mwezi, unakusanywa milango ya makanisa, na ghafla mkulima wa kijijini ni mwanachama mwenye sauti. Alafu 1828 pale Clare akaona tundu: sheria haimkatazi Mkatoliki kugombea, inamkataza kukaa bungeni kwa sababu ya kiapo kinachotukana imani yake. Akagombea. Akapata kura 2,057, mpinzani wake, waziri mzima, 982. Serikali ya Wellington, waziri mkuu wa Uingereza, ikabaki na kitendawili, ukimkatalia nchi inawaka, ukimkubalia sheria imekufa. Aprili 1829 sheria ikabadilishwa, Wakatoliki wakaruhusiwa kuingia bungeni, na hakuna risasi iliyopigwa.

Baada ya hapo akataka kuvunja muungano wa Ireland na Uingereza wa 1801 (mijadala ya muungano sisi siyo wageni nayo), na 1843 akaitisha mikutano mikubwa ambayo Ulaya haikuwa imewahi kuona. Ule wa Tara wa Agosti 15 wapo waliokadiria watu laki kadhaa, wapo waliofika milioni. Oktoba serikali ikapiga marufuku mkutano wa Clontarf, ikaleta askari, na O'Connell akauahirisha mwenyewe. Alishasema hakuna damu, akasimama hapohapo. Wakamfunga hata hivyo 1844, akatoka baada ya kama miezi 3 kwa rufaa, ila moto ukawa umepoa.

Juárez hakuwa na mikutano. Hakuwa msemaji mzuri hata. Alikuwa na kitu kimoja, kwamba kwa mujibu wa katiba ya 1857 yeye ndo rais, basi. Aliingia Januari 1858 kwa sababu alikuwa mkuu wa mahakama kuu na rais aliyekuwepo, Comonfort, alishiriki kuipindua katiba yake mwenyewe, na katiba ilisema mkuu wa mahakama anashika nafasi. Wahafidhina na majenerali wakakataa, vita miaka 3. Guadalajara Machi 1858 askari walishaelekeza bunduki wampige, mshairi Guillermo Prieto akajiweka mbele yake na kuwaambia mashujaa hawaui hovyo, bunduki zikashuka. Akahamia Veracruz, na katikati ya vita 1859 akatoa sheria za kutaifisha mali za kanisa, ndoa ya serikali na usajili wa vizazi na vifo. Akashinda, hazina tupu, 1861 akasimamisha malipo ya madeni ya nje, Ufaransa ikavamia, na 1864 ikamleta Maximilian wa Austria kuwa kaisari wa Meksiko.

Juárez akapanda gari jeusi la farasi, serikali nzima ikawa ndani ya lile gari na nyaraka zake, akarudi nyuma kaskazini mji kwa mji mpaka Paso del Norte mpakani kabisa na Marekani, mji ambao leo unaitwa Ciudad Juárez. Hakuvuka mpaka. Akivuka, yeye siyo rais tena ni mkimbizi, na hilo wakili analijua kuliko jenerali. Wafaransa wakaondoka, Maximilian akakamatwa, akapigwa risasi Querétaro Juni 19, 1867.

Na hapa subiri kidogo. Huyo Maximilian ni mdogo wake Kaisari Franz Joseph wa Austria, na siku 11 tu kabla, Juni 8, 1867, Franz Joseph alikuwa anavishwa taji la Hungaria mjini Buda kwa mapatano aliyoyasuka Ferenc Deák, yaani Hungaria iwe na serikali yake, mfalme awe wa pamoja na Austria. Kaka na mdogo, mawakili wawili wasiojuana, mwezi mmoja.

Deák alifikaje huko? Kwa kukaa. Baada ya Hungaria kushindwa vita vya 1848 hadi 1849 Austria ilisema mmeasi, katiba yenu imekufa, tunawatawala kutoka Vienna. Mwaka 1850 wakamwalika kwenye mashauriano ya sheria, akakataa kwa adabu. 1854 akauza shamba lake la Kehida akahamia Pest, akaishi hotelini miaka mingi, hana mke hana cheo, watu wanakuja kumsikiliza. Wahungaria wengi wakasusa kazi za serikali, wakakwepa kodi, na msimamo wake ulikuwa uleule siku zote: sheria za 1848 zilipitishwa kihalali na mfalme akazisaini, kwa hiyo zipo hai, ninyi ndo mko nje ya sheria. Bungeni 1861 alieleza kwamba kilichochukuliwa kwa nguvu wakati unaweza kukirudisha, ila ambacho taifa limekiachia lenyewe kwa woga ni vigumu mno kukipata tena. Aprili 1865 akaandika makala ya Pasaka gazetini kuonyesha mapatano yanawezekana. Mwaka uliofuata Austria ikapigwa na Prussia, kaisari akamwita akamuuliza Hungaria inataka nini, na inasimuliwa kwamba alijibu hawataki zaidi ya walichotaka kabla ya vita. Angeweza kupandisha bei, hakupandisha. Mapatano yalipopita waziri mkuu akawa Andrássy, Deák hakutaka cheo wala nishani.

Madoa

Hii sehemu usiiruke, hasa kama unaandika insha.

La Juárez linauma kwa sababu ya alikotoka. Ile imani ya waliberali kwamba ardhi lazima iwe ya mtu binafsi iliingia kwenye sheria ya Lerdo ya 1856 na katiba, ikalenga mali za kanisa lakini ikazigusa na ardhi za pamoja za vijiji vya wenyeji, na baadaye wenye hela wakazimeza. Mzapoteki akiwa madarakani. Alafu 1859 serikali yake ilisaini mkataba wa kuwapa Wamarekani haki za kupita ndani ya nchi, ukaja kukataliwa na seneti ya Marekani yenyewe. Muhula wake ulipoisha 1865 akajiongezea kwa sababu ya vita, na 1871 akagombea tena mpaka jenerali Porfirio Díaz akaasi. Kuhusu Maximilian, mwandishi Mfaransa Victor Hugo na mwanamapinduzi wa Italia Garibaldi walimwandikia amsamehe, akakataa. Wapo wanaoona alikuwa sahihi kwa maelfu waliokufa, wapo wasioona hivyo, wewe amua.

O'Connell ushindi wake wa 1829 ulilipiwa na wale waliompigia kura. Serikali ilipandisha kigezo cha kupiga kura kutoka mali ya shilingi 40 hadi pauni 10, wapiga kura wa vijijini wakashuka kutoka zaidi ya 200,000 hadi kama 37,000, na yeye hakupigania kwa nguvu kulizuia. Kiayalandi alikiongea tangu utotoni lakini kikipotea hakikumsumbua. 1815 alimuua mtu, John D'Esterre, kwenye pambano la bastola, akaijutia maisha yake yote, akamsaidia binti wa marehemu kwa posho. Madeni hayakumwisha. Upande wa pili wa mizani, utumwa aliupinga waziwazi hata pale michango ya Waayalandi wa Marekani ilipokuwa hatarini, na Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwa, alimsikiliza Dublin 1845 akatoka amevutiwa sana.

Deák lawama yake ni kwamba mapatano yalikuwa ya Wahungaria na Vienna, wengine wakabaki pembeni. Sheria ya 1868 kuhusu makabila mengine ndani ya Hungaria iliruhusu lugha nyingine mashuleni na mahakamani kwa kiasi fulani, ila ilishikilia kwamba taifa la kisiasa ni moja tu, la Hungaria, na Waslovakia, Waromania na Waserbia hawakuridhika. Kossuth, kiongozi wa mapinduzi ya 1848, akiwa uhamishoni alimwandikia barua ya wazi 1867 akimwonya kwamba anaifunga nchi kwenye dola inayozama. Ukijua kwamba dola hiyo ilisambaratika 1918, barua hiyo inasomeka vibaya kwa Deák.

Miisho na urahisi wa kufuatilia

Juárez alikufa kwa moyo Julai 18, 1872 ndani ya ikulu. Kuzaliwa kwake Machi 21 kunaadhimishwa kama sikukuu ya taifa, sura yake iko kwenye noti ya peso 500, na hata Mussolini, dikteta wa Italia, aliitwa Benito kwa heshima yake, ambayo sidhani angeifurahia. Stori inaenda mbele bila kuchanganya, ila nyaraka nyingi ziko kwa Kihispania.

O'Connell alikufa Genoa Mei 15, 1847 akiwa njiani kwenda Roma, njaa ya viazi inaimaliza Ireland, chama chake kimeshagawanyika. Moyo wake ukapelekwa Roma, mwili ukazikwa Glasnevin. Kwa anayesoma Kiingereza huyu ndo rahisi kuliko wote, hotuba, barua, kesi, vyote vipo. Shida ni wingi, utazama.

Deák alifariki Januari 1876. Ukifika Budapest utashuka kwenye uwanja wenye jina lake bila kupenda, njia 3 za treni za chini zinakutana hapo. Maandiko mengi ni ya Kihungaria, na lazima kwanza uelewe dola ya Habsburg, ukoo uliotawala Austria, ilivyokuwa inaendeshwa, hapo wengi ndo wanakata tamaa.

Sasa wewe uchukue yupi

Kama ndo mara yako ya kwanza kusoma historia ya nje ya hapa kwetu, au unamtafutia kijana wa sekondari kitu kitakachomshika, anza na Juárez. Kutoka kijijini mpaka ikulu mstari ni mmoja, maadui wanaonekana kwa macho. Ila mwambie asome na habari za ardhi.

Kama unasomea sheria, au uko kwenye harakati na swali lako ni umati wa watu unaweza kuibadilisha sheria bila mawe, ni O'Connell. Msome Clare na Clontarf kwa pamoja, moja bila nyingine utatoka na jibu la uongo.

Kama kazi yako ni mazungumzo, katiba, au una mjadala kuhusu kususia na kukubaliana, nenda kwa Deák. Moyo wangu uko kwake kwa kweli, lakini simpendekezi kwa mtu anayesomea kitandani saa tano usiku, utalala ukurasa wa nne.

Kama ni insha ya ulinganisho na unahitaji wawili, Juárez na Deák wanabebana vizuri kwa sababu ya ile 1867, wote walisema sheria iliyovunjwa bado ipo, mmoja akaisubirisha kwa bunduki, mwingine kwa hoteli. Ukitaka O'Connell na Deák, kiungo kipo: 1904 mwandishi wa Ireland Arthur Griffith aliwaambia Waayalandi waige Hungaria, wabunge wao watoke London wakakae Dublin, na 1919 wabunge wa Sinn Féin, chama cha kutaka uhuru wa Ireland, wakafanya karibu hivyohivyo. Juárez na O'Connell nao wanawezekana, ila hapo bana utatumia kurasa nyingi kueleza kanisa, maana mmoja alipanda juu kwa kupitia milango yake na mwingine alipanda kwa kulinyang'anya mashamba.

Na kama una wikiendi moja tu na hujui swali lako ni lipi, chukua Guadalajara 1858, Clare 1828 na makala ya Pasaka ya 1865, soma kila moja kwa saa mbili, ile utakayotaka kujua kilichofuata ndo mtu wako.